Afya ya Mbwa Aina ya Labrador: Maneno ya Daktari wa Mifugo kwa Wakazi wa Kata



Nimeombwa niseme juu ya mbwa aina ya Labrador, ambao siku hizi wanafugwa katika nyumba nyingi za kata yetu. Asili ya ukoo wake ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Waingereza ndio waliomlea awe mbwa wa mwindo, kazi yake kuwaletea bata waliopigwa risasi na kuangukia majini. Alitambuliwa rasmi huko Uingereza mwaka 1903. Kwa hiyo tunayemfunga mnyororo uani ni mnyama aliyeumbiwa kukimbia na kuogelea katika maji ya baridi, mwenye manyoya ya tabaka mbili. Maradhi yake mengi yanaanzia hapo.

La kwanza ni ulaji. Mwaka 2016 wataalamu wa Cambridge walieleza kwamba karibu Labrador mmoja katika kila wanne ana kasoro ya kurithi inayomfanya asione shibe upesi. Basi anapokukodolea macho wakati wa chakula, usidhani kila mara ana njaa. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote: waliopunguziwa robo ya chakula waliishi karibu miaka 2 zaidi ya wenzao, na viungo vyao vilichelewa kuuma. Mpapase mbavu. Zikiguswa kwa urahisi chini ya ngozi, yuko sawa; ukizitafuta usizipate, punguza ugali.

Unene huo ndio unaoharibu nyonga na viwiko. Katika ukoo huu kichwa cha mfupa wa paja mara nyingi hakikai barabara katika tundu lake, na kasoro hiyo hurithiwa. Mtoto wa mbwa huanza kuruka kama sungura kwa miguu ya nyuma, kisha anaona taabu kuinuka asubuhi. Kabla hujatoa fedha yako, omba uwaone wazazi wakitembea na kukimbia. Muuzaji anayekataa, mwache na mbwa wake. Wala usimwongezee mtoto chokaa ya mifugo ukitumaini mifupa itakuwa imara, kwa maana ikizidi huiharibu mifupa inayokua. Na akichechemea, usimpe ibuprofeni wala diklofenaki ya nyumbani. Dawa hizo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake.

Masikio yake yamelala, hayapiti hewa. Akishaoga au kuogelea yakaushwe. Yakitoa harufu au mbwa akitikisa kichwa daima, mlete.

Joto ni hatari kubwa zaidi ya wengi wanavyodhani. Mtembezeni alfajiri au jua likizama. Akihema kwa nguvu, mate yakimtiririka na miguu ikilegea, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, ndipo mtafute daktari.

Sasa nije kwenye kupe, ambao kwa hesabu ya wagonjwa ninaowapokea ndio adui mkuu wa mbwa hawa wageni. Kupe humwachia vijidudu vya damu. Mbwa hupata homa, fizi zikapauka, pengine mkojo ukawa na rangi ya kahawa au damu ikamtoka puani. Lakini kabla ya hayo yote kuna dalili moja iliyo wazi kwa Labrador: anaacha chakula. Mbwa mwingine akikosa hamu siku moja unaweza kungoja uone. Huyu usimngoje, mlete siku hiyo hiyo. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kipimo cha ng'ombe. Nimeona mbwa waliopona kupe wakafa kwa dawa.

Liko pia tatizo lisilongoja hata saa chache. Mbwa mwenye kifua kipana kama huyu, akila kwa pupa mlo mmoja mkubwa kisha akakimbizwa, tumbo laweza kujaa hewa na kujipinda. Hujaribu kutapika, asitoe kitu. Tumbo huvimba na kuwa gumu kama ngoma. Hapo hakuna mwarubaini wala maziwa yatakayosaidia, ila upasuaji wa haraka. Gawanyeni chakula mara mbili kwa siku, na apumzike baada ya kula.

Kichaa cha mbwa hakichagui ukoo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kama kadi inavyoonyesha. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani.

Anayetaka mbwa wake apimwe amwone Afisa Mifugo wa Kata. Aje naye akiwa amefungwa kamba, pamoja na kadi ya chanjo. Asiye na kadi ataandikiwa hapo hapo.