Chagos: Nchi ni Watu



Katikati ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Mauritius, viko visiwa vya Chagos. Ni visiwa vidogo mno, lakini mgogoro wake umeibua swali zito: je, mkoloni anayo haki ya kuimega nchi kabla ya kuikabidhi kwa wenyewe?

Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius kwa malipo ya pauni milioni 3. Viongozi wa Mauritius waliokubali walikuwa bado chini ya mtawala yule yule waliyekuwa wakijadiliana naye. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Machi, 1968, nchi ilikuwa imekwisha kumegwa. Kufikia mwaka 1973 wenyeji wote, wengi wao wazao wa watumwa waliopelekwa kufanya kazi katika mashamba ya minazi, walikuwa wameondolewa. Kisiwa chao kikubwa, Diego Garcia, kikawa kituo cha kijeshi cha Marekani. Hata mbwa wao waliuawa.

Tarehe 25 Februari, 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utengano ule haukutokana na hiari ya wananchi, na kwamba Uingereza yapasa iukomeshe utawala wake haraka iwezekanavyo. Mwezi Mei mwaka huo huo, mataifa 116 yaliunga mkono msimamo huo katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa; 6 tu yalipinga.

Tarehe 22 Mei, 2025, nchi hizo mbili zilitia saini mkataba unaoitambua Chagos kuwa mali ya Mauritius, huku Uingereza ikipangishwa Diego Garcia kwa miaka 99. Huo ni ushindi wa sheria dhidi ya mabavu. Lakini wenyeji hawakuketi kwenye meza ya mazungumzo. Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarejesha watu katika visiwa vingine, si Diego Garcia. Mzee aliyezaliwa huko ameahidiwa bendera. Kaburi la mama yake bado liko ndani ya uzio wa jeshi.

Ndugu, mwaka 1965 watu hao waliamuliwa bila kuulizwa. Mwaka 2025 waliamuliwa tena. Mipaka inaweza kurekebishwa kwa kalamu. Ukombozi hukamilika pale tu mwenye nchi anaporudi nyumbani kwake.