Jiwe, Mto na Mizani: Je, Ardhi Itatusafishia Moshi Wetu?

(Muhtasari wa mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, katika Suratul-Baqarah, aya ya 74, Mola wetu anazifananisha nyoyo zilizosusuwaa na mawe, kisha anabainisha kuwa mawe yana nafuu, kwani yamo yanayotoa mito. Leo tuyatazame mawe hayo. Hatudai kwamba Qur'ani ni kitabu cha jiolojia. Ni kitabu cha uongofu, nacho kinatuamrisha kuzingatia.

Mvua inyeshapo huchukua hewa ya ukaa kutoka angani, na ipenyapo udongoni huongezewa nyingine itokayo kwenye mizizi na majani yaozayo. Maji hayo huwa tindikali hafifu, nayo hulila jiwe kidogo kidogo. Granaiti na basalti zinapolika, kalisiamu yake huyeyuka, na hewa ile hufungamana na maji. Mto huvipeleka vyote baharini, ambako matumbawe na makombe hujijenga kwavyo. Hapo nusu ya hewa hurudi ilikotoka, na nusu hufungika ndani ya jiwe la chokaa. Jiwe hilo tunalijua: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa kwa matumbawe na chokaa. Baada ya mamilioni ya miaka, volkano huirejesha hewa hiyo angani. Joto likizidi, mawe hulika upesi. Likipungua, kazi hupungua. Hiyo ndiyo mizani.

Tuchukue mfano wa mito ya Ganges na Brahmaputra, iteremkayo kutoka milima ya Himalaya na kumwaga kiasi cha tani bilioni moja za mchanga na tope kwa mwaka. Mwaka 1997 watafiti Christian France-Lanord na Louis Derry walionesha kuwa mabaki ya mimea yaliyozikwa chini ya tope la Ghuba ya Bengal yamefungia kaboni mara mbili hadi tatu kuliko kulika kwa mawe ya Himalaya. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa kaboni ya kale iliyomo ndani ya mawe, ikifikiwa na hewa, hutoa tani milioni 68 kwa mwaka duniani kote. Basi mawe hayo hayo huchukua na pia hutoa.

Sasa tuijie shaka iliyoenea. Baadhi ya ndugu zetu husema: "Mwenyezi Mungu ameiumba ardhi ijisafishe, moshi wetu una dhara gani?" Jawabu lake ni hesabu. Kulika kwa mawe hayo magumu duniani kote huchukua kama tani milioni 100 za kaboni kwa mwaka. Wanadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hutoa kiasi cha tani bilioni 10. Ni mara mia moja! Mizani ipo, lakini hujirekebisha kwa malaki ya miaka, na umri wetu ni miaka sitini au sabini.

Kwa hiyo kauli ile si tawakkul, bali ni uzembe uliovishwa kanzu ya dini. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Na Suratur-Rahman, aya ya 7 hadi ya 9, inatukataza kuipunja mizani.

Hatukanushi kwamba mataifa tajiri ndiyo yaliyochoma zaidi, na haki hiyo idaiwe. Lakini israfu ni haramu kwa tajiri na kwa maskini. Tuanze na yaliyo mikononi mwetu: taa za msikiti ziwakazo bila mtu, na miti ya kingo za mito tuikatayo kwa ajili ya mkaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo laini kuliko mawe, na atufanye waaminifu kwa amana yake. Amin. Wabillahi tawfiq.