Gari Sahili: Yapasayo Kuangaliwa Kabla ya Kulipa



Wengi hutuuliza iwapo bado lipo gari ambalo fundi wa mtaani aweza kulitengeneza bila kuliunganisha na kompyuta. Lipo. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, hupeleka mafuta kwa pampu ya kimakanika; hakuna kompyuta inayoamua kiasi chake. Hunguruma, wala haina haraka.

Tatizo ni umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, hivyo gari sahili utakaloonyeshwa huenda limetumika humu nchini miaka mingi, mikononi mwa watu kadhaa. Hapo ndipo akiba ya mnunuzi hupotea, kwa kuwa usahili wa injini hauponyi kutu ya fremu. Liwashe likiwa baridi. Ukikuta injini imekwisha kupashwa moto, rudi kesho. Aliyeipasha huenda alikuwa na sababu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Inama chini ya gari pamoja na fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji, na ulinganishe nambari ya fremu na iliyo katika kitabu cha umiliki. Uliza mkanda wa injini ulibadilishwa lini. “Juzijuzi” bila risiti si jibu.

Wala tusifichane: mengi ya magari haya ya zamani hayana mifuko ya hewa wala breki zinazozuia magurudumu kujifunga. Mwenye kubeba watoto kila siku katika barabara kuu na alipime hilo kabla ya kuuliza bei.