Gari Lipo, Sauti Haipo
Maneno ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka



Mimi ni mhasibu, si mtu wa zimamoto. Nimepewa dakika chache nieleze kwa nini mwaka huu chama kinaomba fedha za redio, antena na betri badala ya mabati na madawati. Nitaanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua redio 4 za mkononi kwa ajili ya vijana wanaopanda kuzima moto. Hati ya malipo ina sahihi yangu. Hesabu zilifungwa vizuri: risiti ipo, redio zipo. Ila sikutenga hata shilingi moja ya betri za akiba, ya leseni, wala ya kumfundisha mtu kuzitumia.

Kiangazi kilichofuata moto ulishika huko juu kwenye misindano. Vijana wakagawanyika makundi mawili, kila moja upande wake wa korongo. Jioni upepo ukageuka. Kundi la chini liliona moto unazunguka, likaita redioni. La juu halikujibu, maana betri zao zilikuwa zimeisha tangu mchana. Simu hazikushika. Gari la chama lilikuwa barabarani, tangi limejaa mafuta, dereva ndani, hajui lolote. Kijana mmoja alitoka saa nne usiku ameungua mikono yote miwili. Namshukuru Mungu alipona. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nyie mlikuwa mnajua yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile siridhiki na risiti peke yake.

Ndugu zangu, sisi tunaishi chini ya miti. Chuo cha Misitu kipo hapa tangu mwaka 1937. Tuna msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na tuna majirani wa Shamba la Miti Meru/Usa lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Miti hii imetupa ajira, kuni na maji. Lakini msindano una utomvu, na moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hukausha kilicho juu kabla ya kukifikia. Kwa hiyo aliye juu ya moto ndiye aliye hatarini zaidi, na mara nyingi ndiye asiyeonekana.

Watu wa kuzima hatujawahi kukosa. Mlikumbuke Kilimanjaro, tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulipoanzia Whona, pale wapandaji wanapopumzikia kati ya Mandara na Horombo. Mamia walipanda: askari wa hifadhi, wanakijiji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Watu wakishakuwa wengi hivyo, kazi inayobaki ni kujua nani yuko wapi na nani anamwambia nani. Huko California, Marekani, waliligundua hilo baada ya moto mkubwa wa mwaka 1970. Vikosi vingi vilifika, lakini redio zao hazikusikilizana na kila mkubwa alikuwa na amri yake. Ndipo wakaunda utaratibu wa amri moja, ambamo kiongozi mmoja huangalia watu kati ya 3 na 7, na 5 ndiyo idadi nzuri.

Sasa tuje kwenye gari letu. Halihitaji kubadilishwa, linahitaji kupewa masikio na sauti.

Kwanza, redio ya kufungwa ndani ya gari. Ya mkononi hutoa wati 5 hivi. Ya gari hufika 50. Hata hivyo mawimbi yake hayapenyi mlima, kwa hiyo gari litaegeshwa mgongoni, mahali linapoona pande zote mbili za korongo, na uso wake uelekee njia ya kutokea.

Pili, antena katikati ya paa. Kwa masafa tunayokusudia ina urefu wa nusu mita tu, na bati la paa ni sehemu ya kazi yake. Ukiibandika pembeni kwa ajili ya urembo, upande mmoja utasikika vibaya.

Tatu, betri ya pili, iliyotenganishwa na ile ya kuwashia gari, na fyuzi karibu na betri. Hapa niruhusuni hesabu. Redio ikisikiliza hula takriban ampea 1, ikisema, 10. Usiku wa saa 12, tukisema kwa jumla saa 1, ni kama 22. Taa na kuchaji redio za mkononi tuweke 20. Jumla 42. Betri ya 100 haifai kunywewa zaidi ya nusu, yaani 50. Inatosha, na asubuhi gari litawaka.

Nne, redio 8 za mkononi: vijana 30 ni makundi 6, kila kundi redio 1, na 2 za akiba. Tano, vitu vya bei ndogo: ramani, ubao, saa, na daftari la kuandika kila anayepanda, saa aliyopanda na saa aliyoshuka. Daftari hilo ndilo jibu la yule mama.

Masafa tutayaombea leseni Mamlaka ya Mawasiliano. Amri ya moto itabaki kwa maofisa wa misitu na Jeshi la Zimamoto, ambao namba yao ni 114. Gari letu litawatumikia.

Ninachoomba ni hiki. Katika kila shilingi 100 mtakayochanga, 60 zinunue vifaa na ufungaji, 10 zifundishe vijana, na 30 zikae benki kwa ajili ya betri, leseni na matengenezo ya miaka inayofuata. Najua hizo 30 hazipigwi picha siku ya uzinduzi. Lakini ndizo nilizosahau mara ya kwanza. Mkizikata, hati ya malipo mtafutie mtu mwingine wa kuisaini.

Yule kijana yumo humu ukumbini, na amekubali kuwa mtu wa kwanza kufundishwa redio. Wazee wangu, akina yeyo, ndugu zangu, tumchangie.