Ardhi, Damu na Watu wa White Earth



Mahnomen ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Minnesota, nchini Marekani. Kaunti yenye jina hilohilo imo yote ndani ya White Earth, eneo ambalo mkataba wa 1867 uliwatengea Waojibwa, watu wanaojiita Anishinaabe. Ungetegemea kwamba ardhi ya huko ni mali yao. Sivyo. Sehemu kubwa mno ya mashamba, misitu na kingo za maziwa imo mikononi mwa watu binafsi, kaunti, jimbo na serikali ya shirikisho. Hoja yangu jioni hii ni kwamba ardhi ile iliondoka pale watu wengine walipojipa mamlaka ya kuamua Mwojibwa ni nani.

Sheria ya 1887, na ile ya 1889 iliyohusu Minnesota pekee, zilivunja umiliki wa pamoja. Kila mtu alikatiwa kipande chake: ekari 80, na sheria ya 1904 ikaruhusu 80 nyingine. Vipande hivyo viliwekwa chini ya dhamana ya serikali kwa miaka 25, visiuzwe wala kutozwa kodi. Lakini juu yake ilisimama misonobari, na kampuni za mbao hazikuwa na subira ya miaka 25. Mwaka 1906 Seneta Moses Clapp wa Minnesota alichomeka kifungu ndani ya sheria ya matumizi ya idara ya Wahindi: mtu mzima aliye chotara wa White Earth aondolewe kinga, auze apendavyo. Mwaka huohuo ndipo kaunti ya Mahnomen ilipoundwa.

Sasa chotara ni nani? Waojibwa wenyewe walikuwa wakitofautishana kwa mwenendo: mavazi, dini, biashara, namna ya kuishi na jirani. Wanunuzi wa ardhi walitaka kipimo kingine, na mwaka 1914 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa: tone lolote la damu ya kizungu, hata likiwa dogo namna gani, lilitosha kumfanya mtu chotara, na mauzo yake yakawa halali. Kesi nyingi zikawa zinasubiri jibu la swali moja tu, kama muuzaji alikuwa na tone hilo. Wakaitwa wanaanthropolojia wawili, Aleš Hrdlička wa Taasisi ya Smithsonian na Albert Jenks wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikwaruza ngozi za vifua vya watu ili waone wekundu wake, wakapima vichwa, wakachunguza nywele. Nalisema hili kwa uchungu mbele ya hadhira ya chuo kikuu: wasomi wenye shahada walimvua mzee nguo ya kifuani, na kwa alama ya kucha ardhi yake ikapata mmiliki mwingine.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Jirani zao wa Red Lake walikataa katakata kugawiwa vipande mwaka 1889, na hadi leo ardhi yao ni ya wote kwa pamoja. Watu walewale, lugha ileile, jimbo lilelile; hakuna aliyepewa hati ya kuuza, kwa hiyo hakuna aliyepimwa damu ili auze.

Huko White Earth, madai ya ardhi yalirudi mahakamani miongo kadhaa baadaye. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Minnesota, katika kesi ya kipande alichogawiwa Mwojibwa aitwaye Zay Zah, iliamua kwamba kaunti haikuwa na haki ya kukitwaa kwa sababu ya kodi. Wakulima wa kizungu wakaingiwa na hofu juu ya hati zao. Bunge la Marekani likatunga sheria ya 1986 iliyohalalisha hati hizo, ikatoa fidia, na jimbo likarudisha ekari 10,000. Ukiweka ekari hizo kando ya eneo lote, linalozidi ekari 800,000, utaelewa kwa nini mwanaharakati Winona LaDuke na wenzake walianzisha mwaka 1989 mradi wa kuinunua ardhi upya, kipande kwa kipande.

Kipimo cha damu nacho hakikuondoka. Tangu miaka ya 1960 uandikishaji katika Kabila la Chippewa (jina lingine la Waojibwa) la Minnesota, ambalo White Earth ni tawi lake, umedai robo ya damu. Familia ambayo zamani iliambiwa ina uzungu wa kutosha kupoteza shamba, leo huambiwa wajukuu wake hawana Uojibwa wa kutosha kuandikishwa. Wajukuu haohao huingia ziwani mwishoni mwa Agosti kuvuna mpunga mwitu, mmoja akisukuma mtumbwi kwa upondo, mwingine akiinamisha mashuke na kuyapiga kwa vijiti ili punje ziangukie ndani. Mimi naona hapo ndipo uraia wao ulipo, katika kazi wanayofundishana wazee na vijana, kuliko katika hesabu ya damu.

Wapiga kura wa White Earth wamekwisha kusema. Mwaka 2013 waliidhinisha katiba iliyoandikwa chini ya uongozi wa mwandishi Gerald Vizenor, inayoweka ukoo mahali pa robo: mzao wa mwanachama ni mwanachama. Katiba hiyo haijatekelezwa.