Sarafu Iliyokosewa Kiwandani: Ina Thamani Gani, na kwa Nani?

(Mada iliyotolewa katika semina ya elimu kwa watumiaji)



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo miaka michache iliyopita tusingedhani lingefika mezani kwetu. Mama mmoja auzaye uji na vitafunwa karibu na stendi ya mabasi alikuja ofisini na sarafu ya shilingi 200, ameifunga katika pindo la khanga. Alikuwa ameonyeshwa video kwenye simu isemayo kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani hununuliwa kwa mamilioni. Akatuma picha ya sarafu yake kwa namba iliyotajwa, na baada ya dakika chache akajibiwa kuwa imekubaliwa kwa shilingi milioni 35, ila kwanza alipe shilingi 180,000 za uthibitisho. Akalipa. Kesho yake akaambiwa kuna kodi ya kuhamisha fedha, shilingi 240,000. Hapo ndipo alipokuja kwetu, si kulalamika, bali kuuliza kama tunafahamu pa kukopa kiasi hicho kwa haraka.

Tungeweza kumwambia kwamba huo ni utapeli, tukaishia hapo. Jibu hilo lingekuwa sahihi, lakini lisingemtosha, kwa sababu sarafu zenye kasoro za kiwandani zipo kweli, wapo watu wanaozikusanya kwa ujuzi na mapenzi, na baadhi yake huuzwa kwa fedha nyingi. Hadithi ya tapeli hupata nguvu kwa kuegemea jambo la kweli. Basi tuanze na hilo la kweli.

Sarafu huanza kuwa kisahani kitupu kilichokatwa katika bati la metali. Kisahani hicho huwekwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu, moja ya upande wa mbele na nyingine ya upande wa nyuma, kisha hukandamizwa kwa nguvu kubwa. Kazi hiyo hurudiwa mara mamia kwa dakika moja, na penye haraka ya namna hiyo makosa hayakosekani. Kisahani kikikaa vibaya, picha huangukia pembeni na sehemu ya sarafu hubaki tupu. Kikikatwa mahali ambapo bati limekwisha kutobolewa, hutoka kama kitu kilichomegwa kwa meno. Chapa ikipasuka, ufa wake huonekana juu ya sarafu kama mstari ulioinuka, wala si uliochimbika. Tafadhali lishikeni hilo, tutalirejea. Na mara chache sana fundi hufunga pamoja chapa mbili zisizostahili kukutana. Wakusanyaji wa Uingereza na Marekani huiita sarafu ya aina hiyo nyumbu, kwa kuwa wazazi wake ni wa jinsi mbili.

Mwaka 2008 Uingereza ilibadili sura za sarafu zake. Katika peni 20 ya zamani mwaka uliandikwa upande wa nyuma. Katika mpya ulihamishiwa upande wenye kichwa cha Malkia. Kiwandani, chapa ya zamani ya kichwa ikafungwa pamoja na chapa mpya ya nyuma, na sarafu zikatoka bila mwaka upande wowote. Kwa zaidi ya miaka 300 Uingereza haikuwa imeingiza katika mzunguko sarafu isiyo na mwaka. Habari ilipoenea mwaka 2009, kampuni moja ilitangaza kununua kila moja kwa pauni 50, na katika minada ya intaneti watu wakaanza kutaja maelfu ya pauni. Lakini makadirio ya kiwanda chenyewe yalikuwa kwamba zilitoka kati ya 50,000 na 200,000. Kitu kilichopo kwa makumi elfu hakiwezi kuwa adimu kwa kiwango hicho, na kwa kweli leo peni hiyo huuzwa kwa makumi ya pauni tu. Aliyelipa maelfu wakati ule alinunua msisimko wa wiki moja.

Linganisheni na nyumbu wa Marekani wa mwaka 2000. Sarafu ya dola moja ilitoka na kichwa cha George Washington kilichokusudiwa kwa robo dola. Ya kwanza ilipatikana katika mji mdogo wa Mountain Home, Arkansas, na ikauzwa kwa karibu dola 30,000. Zinazojulikana duniani ni takriban ishirini. Makosa hayo mawili ni ya jinsi moja. Kinachotofautisha bei ni idadi. Kwa hiyo, mtu akiwaambia sarafu fulani ni adimu, swali la kwanza ni hili: zipo ngapi, na idadi hiyo ametangaza nani?

Sarafu iliyowatia watu wengi wazimu ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, hivyo senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vilivyosalia mashineni vikapigwa chapa pamoja na vya chuma. Mwaka 1947 mvulana wa shule katika mji wa Pittsfield, Massachusetts, aliipata moja katika chenji ya chakula cha mchana. Aliitunza maisha yake yote, na mwaka 2019 ikauzwa mnadani kwa dola 204,000.

Bei hiyo imezaa viwanda vya uongo. Wapo wanaochukua senti ya kawaida ya chuma ya mwaka 1943 na kuipaka shaba; hiyo sumaku huinasa papo hapo, ilhali senti ya shaba hainaswi. Wengine huchukua senti ya shaba ya mwaka 1948 na kuikwangua tarakimu ya 8 ionekane 3. Hapo sumaku haisaidii, na inabidi tarakimu itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Mizani ndogo ya sonara nayo ni shahidi mzuri: senti ya chuma ina gramu 2.7 hivi, ya shaba 3.11.

Upo pia uongo usiohitaji hata kuichezea sarafu. Peni mbili za Uingereza za miaka ya 1971 hadi 1981 zina maneno NEW PENCE, na hivyo ndivyo zilivyokusudiwa. Kuanzia 1982 maneno yalibadilishwa kuwa TWO PENCE. Chache za mwaka 1983 zilitoka kwa makosa na maneno ya zamani, na hizo ndizo zenye thamani. Muuzaji asiye na haya hutangaza ya 1971 kwa mamia ya pauni, akitumia sifa ya ile ya 1983. Vivyo hivyo, video nyingine hudai kuwa sarafu ya Marekani ni ya ajabu kwa sababu ukiigeuza kutoka kushoto kwenda kulia picha ya nyuma huwa kichwa chini. Sarafu za Marekani zote ziko hivyo. Ndiyo desturi ya kiwanda chao.

Sarafu yenye vichwa pande zote mbili tunaionea huruma zaidi, kwa sababu humshawishi kila anayeishika. Karibu zote hutengenezwa karakana kwa ajili ya wafanya mazingaombwe: sarafu moja huchongwa ndani, nyingine hupunguzwa, kisha moja hupachikwa ndani ya mwenzake. Pitisheni ukucha kwenye mzunguko wa ndani wa ukingo, mtausikia mshono. Idondosheni juu ya meza, mlio wake ni mfu.

Hata kasoro ya kweli inaweza kumtia mnunuzi mashakani. Mwaka 2007 Marekani ilitoa sarafu za dola zenye picha za marais, na baadhi zikatoka bila maandishi ya ukingoni. Askari mmoja aliyelinda kiwanda cha Philadelphia alizichota za namna hiyo na kuziuza, hadi alipokamatwa mwaka 2011. Zilikuwa na thamani ya dola milioni 2.4, naye akafungwa miaka mitatu. Kumuuliza muuzaji amezipata wapi si kumvunjia heshima.

Tunaomba mlizingatie lifuatalo kuliko yote tuliyokwisha kusema: mnunuzi wa kweli hamtozi muuzaji. Zipo kampuni za nje zinazokagua sarafu kwa ada, lakini mwenye sarafu ndiye anayezichagua na kuzilipa mwenyewe, wala hazitokei kwenye simu yako zikiwa zimeambatana na mnunuzi. Anayetaka kununua anatoa fedha, anapokea sarafu, basi. Mkiletewa ujumbe wa kutaka ada, usambazeni kwenda namba 15040 kabla ya kuufuta. Na kama ninyi ndio wanunuzi, dai maelezo ya sarafu kwa maandishi pamoja na haki ya kuirudisha ndani ya siku mlizokubaliana. Mwenye mali halali hatasita kuandika.

Tulikaa na yule mama tukaitazama sarafu yake kwa kioo. Mstari aliokuwa ameambiwa ni ufa wa chapa ulikuwa umechimbika, tena umepita juu ya simba na kuendelea hadi ukingoni: ni mkwaruzo wa kitu kigumu, uliopatikana mtaani. Tulimsaidia kupeleka taarifa polisi na kwa kampuni ya simu. Namba iliyopokea fedha ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na zile shilingi 180,000 hazijarudi. Sarafu tulimrudishia. Alisema ataitoa chenji jioni hiyohiyo.