Tupa Juu ya Kifaru: Mhadhara Kuhusu Shiba Ryotaro



Mwenzangu mmoja, mwanahistoria, alipoona tangazo la mhadhara huu alinisimamisha kwenye ngazi za maktaba. "Shiba ni mpiga zumari wa vita," akaniambia. "Amewalevya Wajapani kwa sifa." Sikupata usingizi usiku ule.

Wasifu wa Shiba, mwandishi wa riwaya wa Japani, mnaujua. Alizaliwa Osaka mwaka 1923 kwa jina la Fukuda Teiichi, akasomea Kimongolia, akawa mwandishi wa gazeti la Sankei, na riwaya yake ya ninja ikampatia Tuzo ya Naoki. Mengine nayaacha.

Shitaka la mwenzangu limeegemea riwaya moja, Saka no ue no kumo, iliyotoka gazetini kati ya 1968 na 1972, kuhusu vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905. Fahari imo, sibishi. Lakini aliyeisoma mpaka mapigano ya Port Arthur ameona Jenerali Nogi anavyosawiriwa. Huyo Wajapani walimjengea hata mahekalu. Shiba anatuonyesha mkuu anayewarudisha vijana wale wale mbele ya bombomu zile zile, wakafa kwa maelfu. Mpiga zumari gani huyo? Tena, enzi za uhai wake alikataa riwaya hiyo isiigizwe kwenye televisheni, akihofia itageuzwa wito wa vita. Shirika la utangazaji la NHK lilianza kuionyesha mwaka 2009, miaka 13 baada ya kifo chake.

Ila mimi nina ushahidi ninaoupenda kuliko huo, nao umo katika insha zake za vifaru. Mwaka 1943 alitolewa masomoni akapelekwa jeshini, kwenye kikosi cha vifaru Manchuria. Anasimulia kwamba kifaru cha zamani, cha aina ya 97, ukikipitishia tupa, tupa inateleza, chuma kigumu. Vilipokuja vifaru vipya, akajaribu tena: tupa ikakwaruza. Hebu tulieni hapo kidogo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, tupa mkononi, anagundua kwamba dola inayomwamuru afe imemvika bati. Siku Japani iliposalimu amri alikuwa na miaka 22, akajiuliza nchi yake ilipumbaa lini. Riwaya zake, alisema, ni barua kwa kijana yule.

Babu yangu alikuwa Keya, askari wa Waingereza kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Bama, akipigana na vijana wa rika la Fukuda. Tulipomwomba hadithi za ushujaa alitusimulia buti: zilivyooza kwa matope, na nyayo zilivyobanduka pamoja nazo. Nilipoisoma habari ya tupa nilimsikia babu.

Nakiri, Wakorea karibu hawasikiki katika Saka no ue no kumo, na nchi yao ndiyo iliyogombewa, ikamezwa na Japani mwaka 1910. Hapo mwenzangu ana haki, na pengo hilo ni kubwa. Hata hivyo sibanduki: Shiba ni shahidi kabla ya kuwa msimulizi. Kwa miaka mingi alikusanya habari za Nomonhan, ambako jeshi la Japani lilipondwa na Wasovieti mwaka 1939. Aliwatafuta walionusurika, akawasikiliza. Riwaya ya Nomonhan hakuiandika kamwe, na ndiyo ninayoifikiria kila ninapofungua zile alizoziandika.